Mafuta ya kamioni mu motere ya Odette

Leo gari ya binti yangu Odette, ile ninamuendeshea, imekufa ku njia ya Kasungami, na bote banasema ni miye niliiua.

Miye! Muntu mwenye kuendesha makamioni ya Kasumbalesa mpaka mvi.

Ile kagari, mukanda wa motere yake unaoga ndani ya mafuta ya motere, ile oili. Mulishaka kuona hiyo? Siye, mukanda ukigusa mafuta, tulikuwa tunautupa.

Odette alinionya: "Papa, hii motere inaomba mafuta yake, mepesi."

Nikamujibu: "Mama, ni miye nilikufundisha kuendesha, kushika volan."

Nikamwaga mu motere mafuta mazito, ile ya makamioni.

Leo mekanisiye amefungua. Mukanda umelainika kama bukari, ile ugali, ya jana, unatoka vipande vipande. Vipande vimeziba fasi mafuta inapitia, na motere imekauka, imekamata, haizunguke tena.

Ni ile gari ilikuwa inabeba samaki yake ya kuuzisha, toka Kasomeno.

Odette hakupiga kelele. Alinyoosha tu mukono.

"Papa, leta funguo ya gari."

Nikamupa.

Sasa munambie, benye kujua motere: nani aliweka mukanda mu mafuta?