Doa la Jichoni na Futi ya Mama Futi

Mshona nguo huyu mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Mumewe, fundi viatu, alidai kwamba siku alipomposa alipimwa mabega kwanza, jibu likaja baadaye.

Saratani ya Mama Futi ilianzia kwenye titi, ikatibiwa, ikanyamaza miaka minne, kisha ikahamia jicho la kushoto: doa la rangi ya maziwa chini ya retina, ule utando wa ndani unaopokea mwanga. Daktari wa macho alimwelewesha vizuri. Atameza vidonge kila siku, na kila miezi mitatu atapigwa picha ya ndani ya jicho. Doa likipungua, dawa inafanya kazi. Likikua, dawa imeshindwa, na jicho hilo, ambalo ndilo la kutungia uzi, linaweza kuzimika.

Basi kila miezi mitatu alitiwa matone, mboni ikapanuka, akaegemeza kidevu kwenye mashine na kuambiwa asipepese. Alirudi nyumbani kashikwa mkono, akisalimia nguzo za umeme. Kila mara aliomba nakala ya picha, akaibandika juu ya cherehani na kulipima doa. Kwenye picha ya kwanza, milimita ishirini na mbili. Ya pili, kumi na tisa. Ya tatu, kumi na sita. Wateja walidhani anakusanya picha za mwezi.

Ya nne aliipata Jumanne, na daktari angemwona Ijumaa. Futi ikasema ishirini na nane. Mumewe akapima naye, akapata ishirini na tisa, akaambiwa hajui kushika futi.

Nyumba ikapoa. Mama Futi akampa wifi yake cherehani. Wifi alilia sana, kisha akauliza kama na kiti kimo. Kufikia Alhamisi alikuwa amekiinua kiti na kushona suruali ambayo mguu mmoja haukuwa na habari na mwenzake.

Ijumaa daktari alitabasamu. "Mama, limepungua."

"Daktari, usinifiche. Nimelipima mwenyewe."

Akatandaza picha zote nne mezani, na futi juu yake. Daktari akaita mpiga picha, naye akakiri kwa aibu kwamba mashine yao mpya ya kuchapa hukuza picha mpaka ijaze karatasi. Daktari akaonyesha duara jeupe, pale mshipa wa fahamu unapotokea jichoni. Hilo, alisema, halibadiliki, alipime.

Kwenye picha tatu za kwanza, duara lilikuwa milimita kumi. Kwenye ya nne, ishirini. Mama Futi akapiga hesabu: kumbe ishirini na nane yake ilikuwa kumi na nne.

"Miaka ishirini na sita nakuza patani za karatasi za kukatia nguo," alisema taratibu, "halafu karatasi moja inaniumbua."

Nyumbani alimkuta wifi kakalia kiti, anaanza suruali ya pili.

"Wifi, shuka."

"Si ulinipa?"

"Nilikupa kwa vipimo vya uongo."

Wifi akashuka. Mama Futi akakipima kiti, akakiteremsha sentimita tatu, akatunga uzi kwa jicho la kushoto. Kisha akaanza kufumua suruali.