Sista Udongo, Aliyejifunza Kusoma Moshi

Alizaliwa mwaka 1938, mtoto wa nne wa mama mfinyanzi na baba mshona viatu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na machinjio. Akiwa na miaka kumi na tisa aliingia utawani. Watu walimwita Sista Udongo, kwa kuwa kucha zake hazikutakata hata siku ya Pasaka.

Mwaka 1971 alitumwa katika parokia iliyo chini ya mlima. Miti ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mkaa hadi karibu na chemchemi, na kila kiangazi maji yalipungua. Aliwaita wachoma mkaa kanisani, akawaeleza kwamba wanaua mlima. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye matanuri yao. Mkubwa wao, aliyeitwa Babu Moshi, alibaki nyuma mlangoni. "Sista," alisema, "watoto hawali mahubiri."

Maneno hayo yalimwingia. Alifungua darasa katika ghala la parokia, watu wajifunze kufinyanga majiko yanayotumia mkaa kidogo, na wapate riziki bila shoka. Walikuja wanne tu. Tanuri la kwanza lilipasua majiko yote sitini. Babu Moshi, aliyekuja kuchungulia, alicheka hadi akakaa chini.

"Unakoka moto kama mtu anayefukuzwa," alisema. "Moshi bado mweupe, maji hayajatoka kwenye udongo, nawe unaongeza kuni?"

Sista alivua aproni yake, akamvika, akamwomba awe mwalimu wa darasa. Mzee alikataa katakata. Mwalimu gani asiyejua kusoma?

"Babu, moshi unaousoma wewe," alijibu Sista, "mimi sijui hata irabu zake."

Kwa wiki sita mtawa huyo alikuwa mwanafunzi. Wachoma mkaa waliposikia kwamba mwenzao anaitwa mwalimu, walikuja wenyewe. Sharti la kujiunga lilikuwa moja: kila mmoja apande miche ishirini mlimani na kuitunza hadi ahitimu. Mwaka 1980 Babu Moshi alibomoa kwa mikono yake tanuri la mwisho la mkaa lililokuwa juu ya chemchemi.

Sista alifariki mwaka 1999 kwa ugonjwa wa mapafu. Ulikuwa mwaka wa ukame, visima vya jirani vilikauka, lakini chemchemi haikukatika hata siku moja. Waumini husema ni muujiza. Binti wa Babu Moshi, mkuu wa chuo kilichokua kutokana na darasa lile la ghalani, husema ni miti. Hatuoni sababu ya kuwagombanisha. Anayetaka kumwiga Sista Udongo, kabla hajamfundisha mtu, na amwulize kwanza anajua nini, kisha akae chini asikilize.