Siku Mianzi Ilipoanza Kudondosha

Kila masika, kabla umande haujakauka, Benedicta alishuka kwenye mianzi yake nyuma ya Ipogolo, akachonga ncha za machipukizi na kukinga ulanzi, maji ya mianzi yanayochacha kuwa pombe. Kugema ni kazi ya wanaume, majirani hawakuchoka kumkumbusha. Naye aliwajibu kwamba mume wake yuko kaburini na mwanawe yuko Zambia, sasa mianzi imsubiri nani? Kikombe cha kwanza, kitamu, ambacho hakijachacha, alikiweka dirishani kwa ajili ya Mika.

Mika alikuwa mwanawe wa pekee. Alidandia lori la kwenda machimboni, na tangu hapo kimya. Mwaka 1976 Benedicta alimwendea Mwalimu Yotamu, aliyewafundisha wanakijiji elimu ya watu wazima, amwandikie barua kwa Kiingereza, maana alisikia kwamba kule machimboni Kiswahili hakifiki mezani kwa karani.

"Aliondoka lini, mama?"

"Siku mianzi ilipoanza kudondosha."

Mwalimu akacheka kidogo. "Kiingereza kinataka mwezi na tarehe."

Benedicta akafumba macho. Akauona ukungu, akaliona shati la kijani likipanda lori, akalisikia tone la kwanza likigonga mkono wake. Yote yalikuwepo, mororo kama usingizi wa asubuhi. Tarehe tu haikuwepo.

"Basi naandika 'long ago'."

"Ndiyo kusemaje?"

"Zamani sana."

"Zamani!" Mama wa watu akasimama. "Zamani ni ya sungura na fisi, mwalimu! Akisoma hivyo, karani ataifunga barua na kumzika mwanangu. Kikombe chake nimekijaza leo asubuhi. Andika nilivyosema."

Mwalimu akakata maneno yake kwa wino. Akaandika, huku akiona aibu kwa niaba ya Kiingereza, kwamba Mika aliondoka asubuhi mianzi ilipoanza kudondosha, na kwamba mpaka leo mama yake hajaacha kumwekea kikombe.

Andendekisye, dereva wa Mbeya aliyepeleka lori Zambia, akaichukua barua. Masika yakaisha, machipukizi yakakauka, upepo wa kipupwe ukapita dirishani pasipo kitu. Benedicta akawa anaota shati la kijani, na akiamka anasikia baridi.

Mvua ziliporudi, Andendekisye alisimamisha lori akiwa na bahasha. Mwalimu akaitwa mbio. Barua ilikuwa ya Kiswahili.

"Mama, karani hakujua barua ni ya nani, akaibandika ukutani. Hapa tupo akina Mika watano. Wenzangu waliisoma wakapita. Mimi nilipofika kwenye mianzi, nikakaa chini palepale nikalia. Niliona haya kurudi mikono mitupu, nikajidanganya kwamba umeshanisahau. Nakuja mwezi huu. Kikombe cha leo usimwage."

Benedicta akaomba arudiwe neno la mwisho. Mwalimu akalirudia mara tatu.