Pampu ya Kombaini ya Tatu

Mwanangu wa pili, Badhaso, alizaliwa mwaka ule shamba la serikali lilipoletewa kombaini kumi na mbili za kuvunia ngano. Nilimzaa ukingoni mwa shamba, mashine zikipita, na alipotoka hakulia, alinguruma. Mkunga alimgeuza huku na huku akitafuta pa kumtilia dizeli. Asiyeamini akamuulize mkunga, ila alishakufa.

Serikali ile ikaanguka. Wakubwa wa shamba waliondoka na magari, kombaini wakaziacha bondeni chini ya mlima Chilalo, hapa kwetu Arsi. Zikashikwa na kutu nzito hata kuku wangu waliotagia humo wakatoa mayai mekundu. Niliyala. Yana ladha ya msumari.

Kwa Badhaso kombaini zile hazikuwa maiti. Alikuwa akigonga chuma kwa kijiko changu, anatega sikio, anasema, "Beringi hii nzima, mama, imelala tu." Nati zikigoma alizipaka siagi yangu ya nywele. Kichwa changu kilikauka kama paa la nyasi, kombaini zikinukia kama bibi harusi! Aling'oa cheni ya hii, visu vya ile, mikanda, magurudumu. Nusu ya Arsi wakiharibikiwa trekta walikuja kwetu. Na alikuwa na nia moja: akusanye vipande vizima vya zote, avifunge kwenye kombaini moja, iwake.

Kaka yake, Dakabo, alikuwa mkulima, hajui spana inashikwa upande gani. Lakini alimpenda mdogo wake, na siku moja akaingia chini ya kombaini ya tatu kumsaidia kufungua bolti. Walikuwa wameinua ubavu wake kwa jeki na gogo la mkaratusi. Gogo likapasuka. Sisemi zaidi. Mimi ndiye niliyemfunga kidevu.

Huku kwetu dume la ng'ombe likimuua mtu, jamaa za marehemu hawali nyama yake wala hawalalii ngozi yake. Lakini mashine je? Wazee walikaa tangu asubuhi hadi alasiri wakibishana kama kombaini ni dume. Mzee Gannamo aliuliza kama ilikuwa imehasiwa. Ningecheka siku nyingine. Mwishowe wakakata shauri: kombaini ya tatu ioze pale pale, na chochote kitakachotoka kwake kisiingie nyumbani kwa marehemu. Shukare, mjane wa Dakabo, alikubali. Badhaso alikubali. Nami nilikubali.

Mwaka wa tatu baada ya msiba, ngano ya Shukare iliiva vizuri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha wanawe wawili mpaka mwaka mwingine. Kisha mawingu ya mvua ya mawe yakaanza kujipanga mlimani. Kombaini za kukodi zilikwama kule tambarare kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, na kila mwenye mundu alikuwa akiokoa shamba lake mwenyewe. Kombaini ya Badhaso ilikuwa tayari, imekosa pampu ya dizeli tu. Alikuwa amefungua pampu za zile nyingine zote. Zote zimeoza.

Siku ya pili akaja na pampu kwenye gunia.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Mjini Asela, sokoni."

"Umekwenda Asela na kurudi kabla ya adhuhuri? Umepanda tai?"

"Mama, acha utani leo."

Nikaacha utani. Laiti ningeuendeleza.

Kombaini ikawaka. Ilikohoa moshi mweusi, ikatema kiota cha panya, ikaingia shambani kwa Shukare, na wanawake tukapiga vigelegele hadi koo zikatukauka. Gunia la mwisho liliingia ndani, na mvua ya mawe ikashuka juu ya mabua matupu.

Kesho yake Shukare alikaanga ngano mpya, akaichanganya na siagi, akaja nayo kwetu kwenye kikapu kidogo. Konzi ya kwanza hakunipa mimi, wala hakuwapa watoto. Alimnyooshea Badhaso kwa mikono miwili.

"Kula, shemeji. Wewe ndiye baba wa ngano hii."

Badhaso alitazama ile mikono.

"Siwezi, shemeji."

"Una nini? Umeshiba moshi?"

"Pampu haikutoka Asela." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Imetoka kwenye ile ya tatu. Nilisema watoto wasife njaa, mengine nitayabeba mimi."

Shukare alimvuta mwanawe mdogo, aliyekuwa ameshachota kikapuni. Akamtoa punje zilizokuwa mdomoni kwa kidole, moja moja, akaziacha zianguke.

"Ungeniuliza," akamwambia. "Ningesema hapana, tungekula majani, lakini ungeniuliza."

Akachukua fimbo yake, ile ambayo mwanamke hupewa na mama yake siku ya kuolewa, akawashika watoto mkono, akaenda kwa kaka zake ng'ambo ya mto. Fimbo ile ikitangulia, hakuna mwanamume wa Arsi anayethubutu kuziba njia. Magunia yote akayaacha.

Habari ilitutangulia hadi kisimani. Majirani hawakutukana mtu. Waliacha tu kuja. Badhaso akakaa kizingitini na kile kikapu magotini, siku nzima, hali, akitazama njia kama kuna mtu yeyote atakayeingia ale.

Nilizaa wana wawili. Mmoja yuko chini ya udongo, na kwa ajili yake nilipaswa kuufunga mdomo wangu. Nilimfikiria sana, Mungu shahidi. Kisha nikanyoosha mkono kikapuni.

"Mama! Unajua unachokula?"

"Nakula kazi ya mwanangu. Sogea, unanizibia mwanga."

Nikatafuna. Ngano ilikuwa tamu, na utamu ule ndio ulionikasirisha kuliko yote. Badhaso aliangalia taya langu mpaka nikameza, ndipo akalia, mtu mzima mwenye mvi, kamasi mpaka kidevuni.

Ndiyo maana Shukare hapokei tena salamu yangu. Wajukuu wananipungia mkono kutoka ng'ambo ya mto, mama yao akiwa amegeuka. Yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele. Nimeyaona mapengo kwa mbali, alipocheka.