Robine ya uani na kanzu ya shemeji

Robine yetu ya uani haivuji hata tone, na aliyeifunga ni Mariamu wangu!
Salamu baadaye.

Asubuhi shemeji yangu Saidi alimucheka: "Mutoto mwanamuke na mabomba? Apana, leta hapa!"

Akazungusha utepe mweupe wa kuzibia maji kwenye meno ya robine, akakaza, akafungulia maji.
Yalimurukia kanzu yote ya Ijumaa!

Nami nilishaalika mutaa muzima waje kutawadha hapa siku ya maulidi. Aibu gani hiyo?

Mariamu akasema kwa adabu: "Baba mudogo, umezungusha kinyume. Ukikaza robine, utepe unafunguka."
Akarudia yeye. Kavu!

Nani mwingine hapa Nyakabiga amezaa hivi? Semeni!

Maulidi ni Jumapili. Muje mapema, murudi kwenu mbele saa za kuvrefe, za kukatazwa kutembea usiku, zifike.