Hadassa Akataa Kufunga

Hadassa wa Kikula, mtaa mmoja wa mji wa Likasi huko Kongo, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Misuli ya koo iliyokataa kumeza ilikataa pia kusema: bukari, ugali wa kwao, ilimpalia, na maneno vilevile. Mama yake, Mado, alimfundisha kuinamisha kidevu, ameze mate kwanza, ndipo aseme.

Mwaka 1993, Likasi nzima ikifunga bila kuombwa kwa kukosa chakula, pasta mmoja mnene aliwakuta wakila mchana.

"Mama Mado, ni pepo ndiyo inamufunga ulimi. Mutoto afunge siku tatu!"

Mado akaanza kuondoa sahani ya bintiye. Hadassa akaishika. Akainamisha kidevu, akameza mate taratibu, pasta akingoja aseme "Amina".

"Funga weye, Pasta. Uko na akiba. Minye niko na njala."

Mado akarudisha sahani, akamfungulia pasta mlango.