Radhi Bila Safari

Baba yangu, Zoubir, amefua shaba mjini Konstantina kwa miaka arobaini. Akigonga sinia mara moja hujua lina ufa, hata kama ufa hauonekani. Kumdanganya mtu kama huyo ni kazi.

Daktari alipotuambia mimi na mama kwamba baba ana saratani ya mapafu, sisi tulimwambia ni kovu la kifua kikuu cha utotoni. Kwetu jina la ugonjwa huo halitamkwi. Watu husema "ule" na kushusha sauti. Bahasha ya picha za kifua niliificha chini ya godoro langu.

Akaanza kutuchunguza. Mama, aliyemgombeza kila siku kwa kuingia na viatu vya karakana, aliacha ghafla. Kaka yangu Lakhdar akawa anapiga simu kutoka Oran mara tatu kwa wiki, wakati zamani alikumbuka Idi kwa Idi. Baba aliniuliza kama Lakhdar amefukuzwa kazi. Nikamjibu kwamba amemkumbuka tu, naye akanitazama kama anavyotazama shaba iliyochanganywa. Tukinyamaza anapoingia jikoni, alikuwa akirudi hatua mbili nyuma na kusimama, akingoja tuendelee.

Nilidhani tutamudu. Kisha akaja jirani wa ghorofa ya juu, Si Khemissi, "Si" kwetu ikiwa ni "Bwana".

Yeye na baba walikuwa hawasalimiani kwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya tangi la maji la paani. Ijumaa ile, baada ya swala, Si Khemissi aliingia na tende, akambusu baba kichwani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nisamehe, Si Zoubir," alisema. "Na mimi nimekusamehe, duniani na akhera."

Mama alikiacha kijiko kianguke. Kwetu radhi ya namna hiyo huombwa mtu anayekwenda Hija, au anayekufa.

Baba alichukua tende moja, hakuila. "Jina langu halikutoka kwenye kura ya Hija, Khemissi. Hebu niambie, nasafiri kwenda wapi?"

Jirani alibabaika, akasema amemwombea heri tu, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Na tangi umenisamehe," baba akaongeza, "au maji bado unayadai?"

Alipoondoka, baba hakumwuliza mama. Aliniita mimi.

"Wewe ndiye uliyesoma. Litamke."

Nikalitamka. Akauliza tangu lini, nikasema tangu Shaabani. Hakulia. Alisema ugonjwa ni wake, lakini sisi tumeugawana kama urithi, na yeye yu hai.

Jumatatu tulikwenda hospitali. Siku zote mimi ndiye niliyetangulia kuingia, nimkonyeze daktari. Safari hii baba aliniwekea mkono begani, akanikalisha kwenye benchi.

"Subiri hapa, binti yangu. Leo naingia peke yangu."

Mlango ukafungwa. Sikusikia kitu ila kikohozi chake, kisha kikohozi tena. Alipotoka uso wake ulikuwa mtulivu mno. Nikamwuliza daktari amesemaje.

"Amesema mambo ni mazuri."

"Mazuri vipi, baba?"

"Mazuri tu. Kama mlivyokuwa mkiniambia."

Akaanza kushuka ngazi, kiganja kikiwa ukutani. Nikamfuata nikisikiliza pumzi zake, na sikumwamini hata neno moja.